Spidomita Inayolia: Usichomoe Waya, Tafuta Chanzo



Ndugu msomaji, wanafunzi wetu wa zamani wanakumbuka kwamba walikuwa wakinisikia kabla ya kuniona. Asubuhi za baridi ya Juni na Julai hapa Daudi, pikipiki yangu ilikuwa ikilia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Sauti ile haikutoka kwenye injini wala kwenye mnyororo. Ilitoka mbele, kwenye spidomita.

Nilimwuliza fundi mmoja, akanijibu kwa ufupi: "Mwalimu, chomoa waya, kelele zitaisha." Nikachomoa, na kelele zikaisha kweli. Lakini mshale nao ukalala, na namba za kilomita zikasimama. Nikawa nashuka mteremko wa Magara bila kujua mwendo wangu, na oili nabadilisha kwa kukisia.

Baada ya mwaka mmoja na nusu nikataka kuiuza. Mnunuzi akainama, akasoma namba, akafurahi kwamba pikipiki haijatembea sana. Hapo ndipo nilipotambua nilichokifanya. Nikamweleza ukweli. Akashukuru, akaenda zake bila kununua. Nami nikarudi nyumbani kujifunza jambo ambalo ningelijifunza tangu mwanzo.

NDANI YA SPIDOMITA MNA NINI?

Maelezo haya yanahusu pikipiki zenye spidomita ya waya, si zile mpya za umeme. Katikati ya gurudumu la mbele kuna gia ndogo. Gurudumu likizunguka, gia huzungusha waya uliomo ndani ya ganda refu jeusi, na waya huo hupanda hadi kwenye spidomita.

Huko juu waya huzungusha sumaku. Juu ya sumaku kuna kikombe chepesi cha alumini kilichoshikana na mshale. Sumaku haikigusi kikombe, bali kuzunguka kwake huzalisha umeme mdogo ndani ya alumini, na umeme huo hukivuta kikombe kifuate. Springi nyembamba hukizuia. Mwendo ukiongezeka, mvuto huishinda springi na mshale hupanda. Mjerumani Otto Schulze alisajili uvumbuzi huu mwaka 1902, na hadi leo pikipiki nyingi zinautumia.

Ama namba za kilomita, hizo husukumwa na meno ya gia kutoka kwenye waya huo huo. Ndiyo maana ukichomoa waya, vyote viwili hufa kwa pamoja.

KELELE INATOKA WAPI?

Kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni waya wenyewe. Vumbi la kiangazi na maji ya masika huingia penye mpira uliochanika, grisi hukauka, na waya husuguana na ganda. Waya mkavu hunasa, hujisokota, kisha huachia ghafla, na ndipo utaona mshale unarukaruka. Ya pili ni gia ya gurudumu iliyokosa grisi. Ya tatu ni shingo ya spidomita, pale shina la sumaku linapozungukia. Hapa ndipo hutoka ule mlio mwembamba wa kifaranga.

Ili kutambua, zima injini, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, na mwenzako akandamize keria ili gurudumu la mbele liinuke. Fungua nati ya waya chini ya spidomita, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Sauti ikiendelea, tatizo liko kwenye waya au gia. Ikinyamaza, itazame spidomita. Watoto wasiweke vidole karibu na spoku.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Fungua waya pande zote mbili, juu na penye gurudumu. Vuta waya wa ndani utoke. Katika baadhi ya pikipiki hautoki. Hapo itakubidi udondoshe oili nyepesi kidogo kidogo kutokea juu.

2. Ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto.

3. Ubingirishe juu ya meza iliyo sawa. Ukiona unarukaruka, umepinda. Ukiona nyuzi zimekatika, usiurudishe, nunua mwingine.

4. Paka grisi nyepesi, lakini acha shubiri moja ya juu bila grisi. Hili wengi hulikosea. Waya umesokotwa kama parafujo, na unapozunguka huweza kupandisha grisi hadi ndani ya spidomita. Grisi ikifika kwenye kikombe, mshale hunata na kusema uongo.

5. Ukifungua gurudumu, safisha gia na uipake grisi. Wakati wa kurudisha, hakikisha meno yake yameingia kwenye nafasi zake kabla ya kukaza ekseli, la sivyo yatavunjika.

6. Kama inayolia ni spidomita, tia tone moja tu la mafuta ya cherehani kwenye tundu la shingo. Tone moja, si kijiko.

7. Rudisha waya bila kuukunja kwa nguvu. Ukikunjwa sana utalia tena.

KILOMITA NI AMANA

Huenda mtu akasema, mbona tumeenda miaka mingi bila spidomita na tumefika? Sheria ya usalama barabarani inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu. Asiye na mshale atajuaje, na watoto wetu ndio wanaovuka barabara wakija madrasa?

Pili, ipo haki ya mnunuzi. Darasani tumesoma habari ya muuza nafaka aliyeiweka iliyolowa chini na kavu juu. Namba zilizosimama ni nafaka kavu ya juu. Asiyejua huzisoma akaziamini.

Ndugu mzazi, kazi ile ilinichukua mchana mmoja, grisi kidogo, kitambaa na tone la mafuta kutoka kwenye cherehani ya mke wangu. Leo pikipiki hailii, mshale umetulia, na namba zinatembea. Lakini mwaka ule mmoja na nusu haukurudi. Nimeuandika kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kadi ya pikipiki, ili atakayeinunua, nikiwepo au nisipokuwepo, ausome.

Wabillahi tawfiq.