Kuonea Huruma na Kutoa Pole: Huruma katika Fasihi na Maisha ya Kila Siku, Shinyanga na Geita

Utangulizi

Huruma ni miongoni mwa maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili huyatumia kila siku bila kuyachunguza. Katika uhakiki wa fasihi, neno hili hutajwa hasa pale panapojadiliwa tanzia. Katika maisha ya kawaida, hutajwa msibani, hospitalini na njiani. Mhadhara huu unazihusisha nyanja hizo mbili. Hoja yake kuu ni kwamba Kiswahili kinatofautisha huruma inayomtazama mtu kutoka juu na huruma inayomkuta mahali alipo, na kwamba fasihi hutimiza wajibu wake inapomhamisha msomaji kutoka ile ya kwanza kwenda ile ya pili. Tofauti hiyo si ya nadharia tupu. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita imewahi kuwa tofauti ya kufa na kupona.

Huruma katika Lugha

Kitenzi ona kikipata kiambishi cha kutendea huwa onea. Mtu huweza kumwonea mwenzake huruma, haya au wivu. Hata hivyo, nomino hiyo ikiondolewa, maana hugeuka: kumwonea mtu ni kumdhulumu, na nomino inayozaliwa hapo ni uonevu. Hii haina maana kwamba kila mwenye huruma ni dhalimu. Inachoonyesha ni kwamba katika matumizi yote mawili mtendaji ni mmoja, na mwenziwe hubaki mtendwa. Huruma ya namna hii hutegemea hiari ya anayeitoa, akichoka, huisha.

Neno imani nalo linastahili kuangaliwa. Mbali na maana ya kusadiki, lina maana ya huruma: mtu katili husemwa kuwa hana imani. Ajabu ni kwamba neno hilohilo ndilo lililozoeleka katika fungu la maneno "imani za kishirikina" linapoelezwa chanzo cha mauaji ya kikatili.

Neno la tatu ni pole. Wasemaji hulihusisha na kitenzi poa, ndiyo maana anayepewa pole huweza kujibu, "Nimeshapoa." Pole hutolewa kwa mfiwa, mgonjwa, msafiri, mfanyakazi na hata aliyejikwaa. Anayeitoa si lazima awe amekosa, wala si lazima awe na cheo au mali kuliko anayepewa. Leo mtu huitoa, kesho huipokea. Zaidi ya hayo, pole huambatana na tendo: hutolewa mkono wa pole, huchangwa rambirambi, watu hukesha matanga. Kwa hiyo pole ni huruma iliyoingizwa katika utaratibu wa jamii. Kila aliye mtu anaistahili.

Jina Linapoiua Huruma

Swali linalofuata ni hili: nini hutokea mtu anapoondolewa katika mzunguko huo wa pole? Kuanzia mwaka 2007, Kanda ya Ziwa ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino, na viungo vyao vikauzwa kwa kuaminiwa kuwa vinaleta utajiri. Makumi ya watu waliuawa, wengi wao wakiwa watoto. Mnamo Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana wa Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa mkoani Shinyanga na tangu mwaka 2012 imo mkoani Geita.

Watafiti Bryceson, Jønsson na Sherrington, katika makala yao ya mwaka 2010, waliyahusisha mauaji hayo na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mchimbaji mdogo huweza kuchimba duara kwa miezi mingi asipate kitu, huku jirani yake akitajirika kwa siku moja. Bahati isiyoelezeka hutafutiwa maelezo, na baadhi ya waganga waliyatoa kwa bei ya damu.

Lugha ilishiriki katika jambo hili. Waathirika waliitwa zeruzeru, jina ambalo watu wenye ualbino wenyewe wamelikataa, na baadaye wakaitwa "dili", yaani biashara yenye faida. Palikuwapo pia imani kwamba watu hao hawafi bali hutoweka. Imani hiyo yaweza kuonekana kama hadithi isiyo na madhara. Lakini asiyekufa hana kaburi, hana matanga, na hawezi kuitwa marehemu, neno lenye shina moja na rehema na linalomaanisha aliyerehemiwa. Kabla ya kuuawa kwa panga, mtu huyo alikuwa amekwisha kuondolewa katika lugha ya huruma.

Vikongwe wa Usukumani walipatwa na jambo la aina hiyo miaka mingi kabla. Sehemu kubwa ya miti ya Shinyanga ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kuangamiza mbung'o, na eneo likazidi kuwa kame. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 hadi 2004, ulifanya kazi ya kurejesha miti hiyo kwa kuhimiza ngitili. Palipokosekana kuni, wanawake walipikia mavi ya ng'ombe na mabua. Macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuwapikia watoto na wajukuu yakasomwa kama ushahidi wa uchawi. Alama ya malezi iligeuzwa hati ya mashtaka.

Pamoja na hayo, ingekuwa kosa kuihukumu jamii nzima ya wachimbaji. Mnamo Novemba 2015, katika machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa kwa siku 41. Dhahabu peke yake haiondoi huruma. Kinachoiondoa ni kuaminishwa kwamba aliye mbele yako si mwenzako.

Huruma katika Fasihi

Aristotle, katika Poetics, alieleza kwamba huruma humwendea anayeteseka bila kustahili, na hofu humwendea anayefanana nasi. Kiswahili kimeyaunganisha mambo hayo mawili katika methali: "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Neno zito hapo ni mwenzako. Vivyo hivyo, methali "Hujafa hujaumbika" humwonya anayemcheka mlemavu kwamba umbo lake mwenyewe halijakamilika.

Shaaban Robert alilitafakari suala hili katika Adili na Nduguze (1952). Adili hulazimika kuwapiga mijeledi kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani, kisha huwalilia. Machozi yake ni ya kweli, lakini hayaondoi mjeledi wa kesho. Mateso hayakomi mpaka Mfalme Rai anapoingilia kati na kutaka amri yenyewe ibadilishwe. Riwaya hiyo inafundisha kwamba huruma isiyogusa amri huishia kwenye machozi.

Takadini ya Ben J. Hanson (1997), riwaya ya Kiingereza iliyosomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania, inakwenda hatua nyingine. Sekai anakimbia na mwanawe mwenye ualbino, na anayemfadhili ugenini ni mzee Chivero. Msomaji haombwi amlilie mtoto. Anaonyeshwa mtu anayemfungulia mlango.

Bertolt Brecht alishuku huruma ya jukwaani kwa sababu mtazamaji huweza kulia, akaridhika, akaenda zake. Jibu mojawapo la Kitanzania lilitolewa Malya, wilayani Kwimba, mwaka 1982 na 1983, ambako Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walishirikiana na wanakijiji kuigiza na kujadili matatizo yao wenyewe. Hapo aliyekuwa mtazamwa akawa msemaji.

Huruma na Haki

Jambo hilo ndilo linalokosekana huruma inapobaki ya kuonea. Baada ya mauaji kuanza, watoto wengi wenye ualbino walipelekwa katika shule ya Buhangija mjini Shinyanga ili wanusurike. Wageni walifika na misaada. Uamuzi huo uliokoa maisha, lakini pia ulimtenga mtoto na wazazi wake, ilhali tishio lilibaki kijijini. Mtoto anayelindwa kwa ukuta ameonewa huruma. Mtoto anayeweza kulala salama kwa mama yake amepata haki.

Kwa upande mwingine, mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 Salum Khalfani Barwany akachaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini. Wapiga kura hao hawakumpa mgombea wao sadaka. Walimpa dhamana.

Hitimisho

Wanafunzi wa fasihi huulizwa mara kwa mara ni mhusika gani anayetia huruma. Swali hilo lingefaa kufuatiwa na lingine: kazi hiyo inamweka wapi msomaji, juu ya mhusika au kando yake? Kamusi nazo zina sehemu yao, kwani jina linalomgeuza mtu kuwa kitu halipaswi kuingizwa bila kuelezwa madhara yake. Huruma huanzia katika namna mtu anavyoitwa. Anayeitwa mwenzetu, hata asipoliliwa, atapewa pole. Na anayepewa pole leo anatarajiwa kuwapo kesho ili aitoe kwa zamu yake.