Siku Mbili za Kungoja Chupa

Kati ya 1998 na 2002, katika hospitali ya wilaya ya Kilifi, pwani ya Kenya, watoto waliolazwa walitolewa damu ikaoteshwa maabara. Zaidi ya robo ya waliofia wodini walikuwa na bakteria katika damu. Kati ya hao, theluthi moja walifariki siku ileile ya kulazwa, na saba katika kila kumi hawakuvuka siku mbili.

Siku mbili ndizo maabara inazohitaji. Mililita chache za damu hutiwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria na kuwekwa penye joto la mwili. Bakteria wakianza kuongezeka, hupandwa kwenye kisahani, na juu yake huwekwa vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa. Kesho yake, dawa inayofaa imezungukwa na duara tupu. Iliyoshindwa, bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi.

Basi tabibu hulazimika kuanza dawa kabla ya jibu, kwa kawaida ampisilini na jentamisini, akitegemea yanayojulikana kuhusu vijidudu vya eneo lake. Hospitali nyingi za mashambani hazina hata hiyo chupa. Bakteria wanapokuwa sugu kwa dawa, wagonjwa hulaumiwa kwa kutomaliza dozi, lakini mimi naona lawama hiyo huficha upungufu huu.

Mfano mbaya wa usugu ni bakteria wa Salmonela isiyosababisha taifodi. Aina yake iitwayo ST313, iliyoenea Afrika kusini mwa Sahara, imezoea ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli kwa pamoja. Jeni za usugu huo hukaa kwenye kipande kimoja cha vinasaba, kwa hiyo ukitumia dawa moja ovyo unaulinda usugu wa zote tatu. Madaktari walikimbilia sindano ya seftriaksoni. Sasa Kenya, Malawi na Kongo kumepatikana Salmonela isiyoijali hata hiyo.

Njia nyingine ni kinga. Chanjo ya bakteria aitwaye Hib ilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2001, na ya nimonia 2011, vijidudu vyake vilipungua, na asiyeugua hahitaji dawa. Salmonela hii bado haina chanjo. Ila malaria huifungulia mlango wa damu: Kilifi, malaria ilipopungua, maambukizi ya bakteria katika damu za watoto nayo yalishuka.