Mwalimu Anapogombea Uongozi wa Kijiji: Ukaribu na Umma ni Nini?

Katika chaguzi za serikali za mitaa hutokea mara nyingi kwamba mgombea ni mwalimu wa shule ya msingi, na hoja yake kubwa ni moja: wananchi wanamfahamu, kwa kuwa amewasomesha watoto wao. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo kada wa Chama hawezi kuipokea kama ilivyo. Hatuna budi kuichambua, tujue ndani yake mna nini na hamna nini.

Asili ya uzito huo

Elimu ya kikoloni ilikusudia kumtenga mwalimu na umma. Alivishwa na kulipwa ili ajione mtu wa daraja jingine, na serikali ya kikoloni iliwazuia watumishi wake kushiriki siasa za ukombozi. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili aitumikie TANU. Alipoteza mshahara, akaupata umma.

Baada ya Uhuru Chama kilitaka kuuvunja utengano huo. Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, ilitaka shule iwe sehemu ya kijiji, si kisiwa. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma apate nafasi ya shule ifikapo 1977, na vijana wengi waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu wakiwa kazini. Hivyo mwalimu akawa mtu anayeijua kila kaya: nani analala njaa, nani anaficha binti asisome, nani hana jembe. Huo ndio msingi wa kweli wa hoja ya mgombea wetu.

Hitilafu iliyomo

Lakini kumjua mtu si sawa na kuwajibika kwake. Darasani mwalimu huuliza maswali ambayo majibu yake anayo tayari. Kwenye mkutano wa kijiji huulizwa maswali ambayo majibu yake lazima ayatafute pamoja na wenzake. Darasani anayebisha huadhibiwa. Mkutanoni anayebisha ni mwenye mali anayeulizia mali yake. Mwalimu asiyeitambua tofauti hii atakiongoza kijiji kama darasa la tatu, na wazee watanyamaza kwa adabu huku kazi ikilala. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, uliwakataza viongozi majivuno na ubabe. Onyo hilo linamhusu mwenye chaki sawasawa na mwenye cheo.

Pili, mzazi anayempigia kura mwalimu wa mwanawe si huru kabisa. Anafikiri juu ya mtoto atakayebaki mikononi mwa mtu huyo kesho. Mgombea anayewatuma wanafunzi kupeleka habari zake nyumbani, au anayetumia kikao cha wazazi kujinadi, amegeuza utumishi kuwa mtaji. Huo si ukaribu na umma. Ni unyonyaji wa imani ya umma.

Tatu, Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini swali lililoyazaa lingali hai: mtu huyu atamtumikia nani pale kazi zake mbili zitakapogongana? Shule isiyo na mwalimu asubuhi na kijiji kisicho na mwenyekiti jioni ni hasara mbili za wananchi wale wale.

Ukaribu hauwekwi akiba

Katika uchaguzi wa 1965, wagombea wawili walipopewa alama za jembe na nyumba katika majimbo mengi, baadhi ya mawaziri walianguka. Mmoja wao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyepata kuwa kiongozi mkubwa wa ushirika wa wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa. Somo ni wazi. Jina lililojengwa kwa kazi ya jana halimkingi mtu na hukumu ya leo.

Sheria Na. 7 ya 1982 iliuweka mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, juu ya halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Basi ukaribu wa kiongozi na umma hupimwa hapo: mkutano uitishwe kwa wakati, mapato na matumizi yasomwe hadharani, na uamuzi wa wengi utekelezwe hata kama mwenyekiti hakuupenda. Mwenyekiti anayemsalimu kila mtu njiani lakini hasomi hesabu yuko mbali na umma.

Wajibu wa kada

Kada anapomjadili mgombea wa namna hii aulize mambo matatu. Kwanza, kabla ya uchaguzi, mwalimu huyu alishika jembe na wananchi katika kazi za kujitolea, au alisimamia tu na daftari? Pili, shamba la shule lilipovunwa, wazazi walielezwa mavuno yamekwenda wapi? Tatu, ni lini alishindwa kwa hoja na mwanakijiji asiye na cheti, akakubali?

Mwalimu mwenye majibu mazuri ni hazina, maana anaunganisha elimu na mizizi. Tumuunge mkono bila kusita. Asiye nayo tusimchague kwa sababu ya heshima ya kazi yake. Tumwache aendelee kufundisha, naye ajifunze. Umma unaomwita mtu "Mwalimu" unampa heshima. Madaraka ni kitu kingine. Hayo unamkopesha, na deni hilo hulipwa mkutanoni.