Shemeji, Sogea Ndani

Picha ya Krismasi kwetu Matombo hupigwa kabla ya saa tatu asubuhi. Ukichelewa, umeikosa. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi ukikutana na milima ya Uluguru hupanda, hupoa, ukawa ukungu. Mara vile vilele vya mawe vilivyolipa eneo letu jina (matombo kwa Kiluguru ni matiti) vinamezwa, na nyuma ya familia hubaki weupe mtupu kama shuka lililoanikwa. Siukasirikii ukungu huo. Maji yake hushuka na Mto Ruvu, nasi Dar es Salaam ndiyo tunayokunywa.

Kila Desemba napanda. Zamani basi lilikula nusu ya siku kabla hujaiona Morogoro mjini; tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria, Juni 2024, kipande hicho hakifiki saa mbili. Baada ya hapo safari ni ileile: Kiroka, Mkuyuni, mvua ya vuli, mananasi njiani.

Lakini kupiga picha ndiyo kazi yenyewe, maana Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ardhi ya ukoo hupita upande huo. Basi kiti cha katikati ni cha bibi mzaa mama. Wajomba husimama nyuma yake, watoto wa mabinti hukaa mkekani. Baba zetu, waliokuja kuoa, hujipanga pembeni bila kuambiwa.

Picha ya 1991 ninayo mpaka leo, pembe moja imejikunja. Bibi amevaa kanga mpya, ungo wa mchele uko mapajani. Alikuwa hajamaliza kuuchagua na alikataa katakata kuuweka chini. Baba yuko ukingoni kabisa, bega limekatwa. Nilimkata mimi, kijana wa miaka 17 mwenye kamera ya kuazima. Nilipomwonyesha aliitazama sana, kisha akasema, "Umepatia, mwanangu. Mimi hapa mgeni." Alikuwa ameishi ukweni miaka 20.

Neno lile halijanitoka. Tangu hapo nikishapiga ya ukoo humpiga Baba peke yake chini ya mfenesi alioupanda mwenyewe, katika ardhi isiyo yake, na ambao mafenesi yake tunayala sote.

Mkanda wa 1994 ulipelekwa kusafishwa studio moja mjini ukaingia mwanga, ukatoka mweusi wote. Picha 36. Ilikuwa Krismasi ya mwisho ya Bibi, na mpaka sasa nikifungua albamu mkono wangu husita kwenye ukurasa ule.

Sasa kiti cha katikati anakaa Mama. Krismasi iliyopita tulichelewa kwa sababu pilau lilikuwa halijaiva na watoto walikuwa bado wanaoga. Nilipoinua kamera, kilele kimoja kilikuwa kimeshapotea. Baba alikuwa mahali pake, pembeni, ameegemea fimbo. Mjomba mkubwa akageuka, akamtazama, akanyoosha mkono.

"Shemeji, sogea ndani. Ukungu unakuja."

Wajomba wakaachana kidogo. Baba akaingia kati yao, nyuma ya kiti cha Mama, nami nikabonyeza.