Umbali ni wa uwanja, masafa ni ya fimbo

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii nimeifafanua darasani kwa miaka mingi, lakini majuzi ndipo nilipoketi na mtu anayekula jasho lake kwa ujuzi wa fimbo na umbali. Mtu huyo ni mpwa wangu, kijana wa Kilungu, Kaunti ya Makueni, ambaye kwa miaka sita amekuwa kedi katika klabu moja ya gofu jijini Nairobi. Kedi ndiye anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo. Ila ukimwita mbebaji tu utakuwa umempunja, maana kazi yake kubwa ni kumshauri mchezaji atoe fimbo gani, wapi na kwa nini.

Alikuja kwangu Jumapili jioni akiwa amenyong'onyea. Alikuwa amefanya mtihani wa kupandishwa daraja, akaanguka. Tofauti ya daraja moja na jingine ni tofauti ya malipo ya kila siku, na yeye ana watoto wawili shuleni.

"Mjomba, mimi sikushindwa na gofu," aliniambia. "Nilishindwa na Kizungu."

Swali lililomwangusha lilimtaka aeleze kwa maandishi, kwa Kiingereza, jinsi ya kuchagua fimbo kulingana na umbali. Jibu alikuwa nalo. Alilolikosa ni sentensi za kulibebea. Nikamwomba anieleze mimi, kwa lugha anayoitumia kazini kila asubuhi. Alizungumza karibu saa nzima bila kukwama. Makala ya leo ni somo lake. Mimi nimelipanga tu, nikaongeza maoni yangu ya lugha.

Tuanze na majina. Waingereza hutumia neno moja kwa kifaa cha kupigia na kwa chama cha wachezaji. Sisi hatuna haja ya utata huo. Klabu ni chama pamoja na uwanja wake. Kifaa ni fimbo. Gofu lenyewe ni neno lililotukuta na maana nyingine: gofu ni jengo lililobaki kuta, na ndiyo maana tunasema magofu ya Gede kule Kilifi. Muktadha hutenganisha maana hizi mbili bila taabu.

Kanuni za mchezo humruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Mpwa wangu huzigawa katika makundi manne. La kwanza ni mbao, ambazo siku hizi ni za chuma lakini jina limebaki. Kubwa kuliko zote katika kundi hili ni draiva. La pili ni vyuma, vyenye namba. La tatu ni weji, za karibu na shimo na za kutolea mpira mchangani. La nne ni pata, ya kuusukuma mpira uingie shimoni. Msomaji ataona kwamba Kiingereza kilitupa neno lilelile mara mbili: anayeendesha gari tulimwita dereva, fimbo ya kuanzia tukaiita draiva. Hakuna anayezichanganya.

Sasa, kwa nini fimbo moja ifikishe mpira mbali na nyingine karibu? Mpwa wangu anasema mambo ni mawili: urefu na mlalo.

Urefu ni wa mpini. Draiva ina takriban sentimita 114, chuma namba 7 kama 94, na weji karibu 90. Fimbo ikiwa ndefu, kichwa chake huzunguka duara kubwa zaidi, kwa hiyo hufika kwenye mpira kwa kasi zaidi. Aliyewahi kupasua kuni kwa shoka la mpini mfupi, kisha akapewa la mpini mrefu, analijua jambo hili mikononi mwake.

Mlalo ni jinsi uso wa fimbo ulivyoinama kuelekea nyuma. Uso wa draiva umesimama, umelala kwa digrii kama 10 tu. Chuma namba 7 kimelala kama digrii 32, namba 9 kama 40, weji ya kawaida kama 46, na ile ya mchangani kama 56. Uso uliosimama huusukuma mpira mbele. Uso uliolala huunyanyua, ukapanda juu, ukajizungusha kinyumenyume, ukatua karibu na kutulia. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, mlalo ni mkubwa na safari ni fupi.

Mchezaji wa kawaida, asiye wa kulipwa, huenda akafika yadi 200 hivi kwa draiva, 155 kwa chuma namba 5, 135 kwa namba 7, 115 kwa namba 9, na 100 kwa weji. Yadi moja ni sentimita 91 na ushei. Kutoka namba moja hadi inayofuata pana pengo la yadi kama 10 hadi 15. Hizi ni takwimu za kukadiria. Kedi mzuri, asema mpwa wangu, hamwangalii mchezaji wa kwenye televisheni. Humwangalia huyu aliye mbele yake kwa mashimo matatu ya kwanza, akajua kila fimbo yake inafika wapi.

Hapa ndipo aliposema jambo lililonifanya nichukue kalamu. "Mjomba, umbali ni wa uwanja, lakini masafa ni ya fimbo."

Katika mazungumzo ya kila siku tunayatumia maneno haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Yeye ameyatenganisha. Umbali ni kipimo kutoka mpira ulipolala hadi kwenye bendera. Masafa ni upeo ambao fimbo fulani, mkononi mwa mtu fulani, inaweza kuufikisha mpira. Kuchagua fimbo ni kuoanisha hayo mawili. Mkufunzi wa chuo kikuu angejivunia ufafanuzi kama huo, na mimi mwenyewe sikuwa nao.

Lakini umbali wa kwenye karatasi si umbali wa kucheza. Kuna mambo manne ya kuongeza au kupunguza.

La kwanza ni mwinuko. Hili mtoto wa Kilungu hahitaji kufundishwa. Milima yetu ni mikali. Tulipokuwa wadogo tukirusha mawe kutoka ukingo mmoja wa bonde, tulijua kwamba jiwe la kuteremka husafiri na la kupanda hukwama. Kwenye gofu, bendera ikiwa juu yako kwa yadi 10, hesabu kama umbali umeongezeka yadi 10 hivi. Ikiwa chini, punguza.

La pili ni upepo. Ukikuvumia usoni, namba 7 huenda isifike. Chukua ya 6 au ya 5.

La tatu ni hewa ya mahali. Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, hivyo mpira haupati kizuizi kikubwa, na huenda mbali zaidi kuliko pwani kwa asilimia 6 hadi 10. Mchezaji aliyezoea Nairobi akienda Mombasa hujikuta mpira unaanguka kabla ya bendera, akadhani mkono umepotea. Mkono haujapotea. Anahitaji fimbo moja yenye masafa zaidi.

La nne ni mahali mpira ulipotulia. Ukiwa kwenye majani marefu, nyasi huingia kati ya uso na mpira na kuvuruga pigo. Ukiwa mchangani, sahau namba, toka kwanza. Kisha uangalie kuna nini kati yako na bendera. Mpira huruka, hutua, halafu hubingirika. Mchezaji akiuliza "utafika?", kedi lazima ajue anauliza kutua au kusimama. Kama mbele pana maji, kinachohesabiwa ni kutua. Kiswahili kina kitenzi kwa kila hatua ya safari hiyo, na makedi wanavitumia vyote.

Nilimwuliza kosa kubwa la wachezaji ni lipi. Alicheka. "Ni kiburi, Mzee. Mtu akiona mwenzake ametoa namba 8, yeye anataka ya 9 ili aonyeshe nguvu. Mpira unaanguka majini." Ushauri wake ni kwamba ukisita kati ya fimbo mbili, chukua yenye masafa zaidi na upige kwa utulivu.

Hata hivyo, kuna mahali lugha yao inahitaji kunyooshwa, na haitakuwa haki nikinyamaza. Baadhi ya makedi humwambia mchezaji "ongeza moja". Aongeze nini? Anayefikiria namba atatoka kwenye 7 kwenda 8, na mpira utapungukiwa. Anayefikiria nguvu atatoka kwenye 7 kwenda 6, na hilo ndilo lililokusudiwa. Neno moja, fimbo mbili, na tofauti ya yadi 20 au zaidi. Tukisema "ongeza masafa", utata umekwisha. Kazi ya sisi wasomi wa lugha ni ndogo kama hiyo: kusikiliza watu wanavyosema, kisha kuziba mwanya pale unapoonekana.

Wapo watakaosema kwamba gofu ni mchezo wa Kiingereza na istilahi zake zibaki huko. Historia haiwaungi mkono. Kabla ya namba kuenea katika miaka ya 1930, Waingereza na Waskoti wenyewe walizipa fimbo majina ya nyumbani. Moja iliitwa kijiko, kwa sababu uso wake ulibonyea kama kijiko. Nyingine ilipewa jina la shaba, kutokana na bamba la shaba lililopigiliwa chini yake. Istilahi ilianza mikononi mwa mafundi na wachezaji, si katika kamusi.

Na si lazima twende Scotland kutafuta mfano. Pale kwetu Ukambani, wakulima wanaochimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu kujenga tuta huiita kazi hiyo fanya juu. Wakirusha chini ni fanya chini. Maneno hayo mawili, yaliyokomaa katika matuta ya Machakos ya zamani, ambayo Kilungu ilikuwa sehemu yake, leo yamo katika vitabu vya Kiingereza vya uhifadhi wa udongo, na wataalamu wa nchi nyingine huyaandika bila kuyatafsiri. Hakuna aliyemwambia mkulima ajifunze Kiingereza kwanza ndipo tuta lake lihesabiwe.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Najua klabu ya gofu ni mali ya wanachama, nayo hujiamulia mambo mengi. Lakini mtihani hupima nini? Kama unapima ujuzi wa fimbo, basi uandikwe katika lugha zote mbili, mtahiniwa achague. Kama unapima Kiingereza, watahiniwa waambiwe mapema, na wachezaji nao waambiwe kwamba daraja la kedi wao halihusiani na mpira kutua panapotakiwa.

Jumapili ile nilimwandikia mpwa wangu muhtasari wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wa yote aliyonieleza. Aliusoma taratibu, kisha akaomba kalamu. Alinisahihisha mahali pawili: nilikuwa nimeandika umbali palipotakiwa masafa, na nilikuwa nimesahau kutaja upepo. Sasa wenzake wanaupitisha mkono kwa mkono. Mtihani unarudiwa baada ya miezi mitatu. Ameomba, kwa barua, aruhusiwe kuujibu kwa Kiswahili. Hajajibiwa bado.