Gramu Kumi kwa Kilo Moja

Chukua losheni yoyote ya dukani usome nyuma ya chupa. Kiambato cha kwanza kwenye orodha ni maji, na si kwa bahati: viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Losheni nyepesi huwa na maji asilimia 70 hadi 80. Kinachobaki ni mafuta, gliserini, kiambato kinachoyashika maji na mafuta yasitengane, kihifadhi kinachozuia bakteria na kuvu, na mwishoni, kwa kiasi kidogo mno, harufu.

Orodha hiyo ndiyo sababu ya jibu ninalowapa akina mama wa Ifakara wanaponiuliza namna ya kuanza kutengeneza losheni nyumbani. Nawaambia wasianze na maji na mafuta. Wanunue losheni ya msingi, ile iliyokwisha kutengenezwa kiwandani bila harufu wala rangi, kisha kazi yao iwe moja tu: kutia harufu. Wapo wanaoona huko ni kukwepa kazi. Mimi naona ndiyo njia sahihi kwa mtu asiye na maabara.

Kuunda losheni tangu mwanzo ni kupasha moto maji kwenye chombo kimoja na mafuta kwenye kingine hadi vyote vifike nyuzi joto 70 hivi, kuviunganisha huku vikipigwa kwa kasi, kisha kurekebisha pH iendane na ngozi, ambayo ina uchachu kidogo, karibu na 5. Kihifadhi nacho hupimwa kwa visehemu vya asilimia. Kikizidi kinaunguza ngozi. Kikipungua, chupa inageuka shamba la bakteria. Baada ya hapo mtengenezaji makini huitazama losheni yake kwa miezi, kwenye joto na kwenye baridi, kabla ya kuiuza. Anayenunua losheni ya msingi ananunua kazi hiyo yote ikiwa imemalizika.

Losheni hiyo ya msingi huuzwa Dar es Salaam kwenye maduka ya malighafi za vipodozi, kwa kilo au kwa ndoo, nayo husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Ifakara, mara nyingi kwenye buti la basi lenye joto kali. Ikifika, iache ipoe kivulini kabla ya kuifungua. Ukikuta maji yamejitenga juu au pembeni, au uzito wake si sawa kila mahali, hiyo imeharibika njiani. Kuikoroga hakutairudisha. Ikiwa nzima, usiipashe moto kabisa. Joto la bonde letu la Kilombero linatosha kuilainisha, na harufu utakayotia ingekuwa ya kwanza kupotea na mvuke.

Sasa harufu. Kipimo ninachokifundisha ni asilimia moja kwa uzito, yaani gramu 10 za harufu kwa kilo moja ya losheni. Tafadhali nunua mizani ndogo ya dijitali. Kuhesabu matone hakufai, kwa sababu tone la chupa moja si sawa na tone la chupa nyingine: mililita moja inaweza kutoa matone 20 au 30 kutegemea mdomo wa chupa na uzito wa mafuta. Chemsha beseni na kijiko cha chuma, au vifute kwa spiriti ya asilimia 70, na uviache vikauke. Mwiko wa mbao uache jikoni, maana mbao hushika unyevu hata ikionekana kavu. Chota losheni kidogo pembeni, gramu 100 hivi, ukoroge harufu yote humo mpaka isionekane alama ya mafuta. Kisha irudishe kwenye losheni iliyobaki, ukikoroga polepole kutoka chini kwenda juu. Ukipiga kwa nguvu utaingiza hewa, na kesho yake chupa zitaonekana hazijajaa.

Weka kidogo kando, kwenye chupa yenye kifuniko, kwa wiki mbili. Harufu zina tabia zake. Nyingine huilegeza losheni ikawa kama maziwa. Zenye vanila huibadilisha rangi ikawa ya kahawia taratibu. Ni afadhali uyaone hayo kwenye chupa yako moja kuliko kwenye chupa 30 zilizo mikononi mwa wateja.

Marashi ya kupulizia hayafai kutiwa kwenye losheni. Sehemu kubwa yake ni spiriti, na spiriti huvunja ule mshikamano wa maji na mafuta. Manukato ya mafuta, yale ya kupimiwa kwenye vichupa, ni bora zaidi, ila muulize muuzaji kama yametengenezwa kwa ajili ya ngozi. Yapo ya mishumaa na ya sabuni za kufanyia usafi ambayo hayakukusudiwa kukaa mwilini kutwa nzima. Asiyejua jibu, usinunue kwake.

Wanaotaka harufu za mimea yenyewe hawana haja ya kutazama mbali. Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake, kuna Kiwanda cha Makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, kinachokeneka mafuta ya makonyo ya karafuu, ya mchaichai, ya mkaratusi na ya mrehani. Majirani zetu wa Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta ya mlangilangi, yanayotumiwa na watengeneza manukato wa Ufaransa. Mali hii yote ni ya pwani yetu, nami hufurahi ninapoiona ikitumika badala ya chupa zisizo na jina.

Lakini kutoka kwenye mmea hakumaanishi upole. Mafuta ya karafuu yana yujenoli kwa wingi, kemikali ileile inayotia ganzi jino linalouma, na kwa losheni ya kupaka kila siku sipendi yavuke nusu asilimia. Ya mchaichai yana sitrali, ambayo huweza kuizoesha ngozi ya mtu mzio wa kudumu. Nayo huyaweka chini ya asilimia moja. Mafuta ya gome la mdalasini hayafai kabisa kwa kazi hii.

Ndimu inahitaji onyo la peke yake. Mafuta yanayokamuliwa kwenye ganda la ndimu yana kemikali zinazoamshwa na jua. Mtu akiyapaka asubuhi kisha akaenda kupalilia mpunga Mlimba au Malinyi, jua la saa tano linaweza kumbabua ngozi na kumwachia madoa meusi ya miezi. Yapo mafuta ya ndimu yaliyokenekwa kwa mvuke, ambayo hayana shida hiyo. Chupa isiyosema ni yapi, ichukulie kuwa ni yale ya kukamua. Maji ya ndimu yenyewe yasiingie kwenye losheni hata tone, kwa sababu uchachu wake unavuruga kila kitu kilichopimwa kiwandani.

Joto la Ifakara lina neno lake pia juu ya harufu gani idumu. Harufu za jamii ya machungwa zina chembe nyepesi, huruka mapema na kuisha. Msandali, udi, vanila na karafuu zina chembe nzito na hubaki hadi jioni. Ukichanganya sehemu ndogo ya harufu nyepesi na kubwa ya nzito, mteja atasikia uchangamfu anapofungua chupa na bado atanukia anaporudi kutoka sokoni. Kuongeza kipimo hadi asilimia tatu au nne ili harufu idumu ni kumletea mtu vipele bure.

Jambo linaloharibu losheni nyingi bondeni, hata hivyo, si harufu. Ni maji ya mchele. Tuko kwenye nchi ya mpunga, mchele wa Kilombero unasifiwa hadi Dar es Salaam, na siku hizi kila mtu amesikia kwamba maji yaliyolowekewa mchele huing'arisha ngozi. Basi mtu ananunua kilo moja ya losheni nzuri, anatia kikombe cha maji ya mchele, anakoroga, anauza. Yaache maji hayo peke yake mezani Ifakara usiku mmoja, uyanuse asubuhi: yamekwisha kuanza kuchacha. Ule wanga unaoyafanya yawe meupe ni chakula cha bakteria. Kihifadhi kilichokuwemo kilipimwa kwa kilo ile moja, bila kikombe chako. Sasa umekipunguza nguvu, na wakati huohuo umewaletea bakteria mlo. Losheni inaweza kubaki nyeupe na yenye kunukia huku ndani ikiwa imejaa vijidudu, na vingine, kama pseudomonasi, huleta maambukizi kwenye mkwaruzo mdogo tu au kwenye jicho. Haya yanahusu pia utomvu wa shubiri, asali, maziwa na juisi ya tango. Anayependa maji ya mchele na aoshee uso asubuhi, ayamwage mengine.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Kwa kuwa mchaichai unajulikana kwa kufukuza mbu, wapo wanaoiuza losheni yao kama kinga ya mbu, tena katika bonde hili. Ifakara imechunguza magonjwa ya nchi za joto tangu Mswisi Rudolf Geigy alipofika hapa mwaka 1949, na kazi iliyoanzia kwenye maabara yake ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Katika miaka ya 1990 watafiti walikuta vijiji vya Kilombero ambako mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara mia kadhaa kwa mwaka. Mwishoni mwa muongo huo ndipo mradi wa KINET uliposambaza vyandarua vya Zuia Mbu Kilombero na Ulanga. Malaria imeshuka sana tangu hapo, lakini haijaondoka, na sehemu ya mbu siku hizi huuma mapema jioni, watu wakiwa bado nje wanapika na kuzungumza.

Taasisi hiyohiyo ilishughulika na losheni kwelikweli. Kati ya mwaka 2009 na 2010 watafiti waligawa kwa kaya 940 za kijijini losheni za aina mbili: moja yenye dawa ya kufukuza mbu iitwayo DEET, asilimia 15, nyingine isiyo na dawa, na kaya zote zikiwa na vyandarua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha tofauti ya uhakika katika idadi ya wagonjwa wa malaria. DEET huzuia kuumwa, hilo halina ubishi. Kushusha malaria ya kijiji kizima ni jambo jingine. Utafiti mwingine wa taasisi hiyo ulionyesha kwamba mbu wanaokimbia kaya zilizojipaka huongezeka kwa majirani ambao hawakujipaka.

Pima sasa losheni ya nyumbani yenye mchaichai asilimia moja. Ni kiasi cha kunukia tu. Ili harufu hiyo imzuie mbu ingebidi iwe nyingi kupita ngozi inavyoweza kustahimili, na hata hapo ingeruka hewani ndani ya saa moja au mbili. Mama anayeamini chupa hiyo anaweza kumwacha mtoto nje hadi usiku, au kwenda kulala kwenye kibanda cha shamba msimu wa mpunga bila chandarua. Anayetaka kinga ya kupaka atafute bidhaa iliyoandikwa DEET, pikaridini au PMD, iliyosajiliwa, na chandarua kibaki palepale.

Mkorogo nautaja kwa kifupi kwa sababu hauhitaji maneno mengi. Usitie kwenye losheni krimu yoyote ya kung'arisha, hata mteja akikuletea mwenyewe na kukuomba. Haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Zebaki huharibu figo, na krimu zenye steroidi hukondesha ngozi mpaka ikachanika kwa kuguswa.

Ukimaliza, tia losheni kwenye chupa mpya, kavu kabisa, zenye pampu au mdomo mwembamba. Kopo la mdomo mpana huingizwa vidole kila siku, na vidole huingia na vijidudu. Chupa za maji zilizotumika zina shingo na mikunjo isiyosafishika. Andika jina la harufu, viambato vyote kama vilivyo kwenye karatasi ya losheni ya msingi pamoja na ulichoongeza, na tarehe uliyochanganya. Tarehe ya mwisho ya kutumika isipite ile ya losheni ya msingi. Mwambie mteja ajaribu kwanza kidogo kwenye kiwiko cha ndani na asubiri siku mbili. Mtoto mchanga apakwe isiyo na harufu.

Kutengeneza kwa ajili ya nyumbani hakuhitaji kibali. Kuuza kunahitaji. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mjasiriamali mdogo na aanzie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambalo ofisi yake ya mkoa iko Morogoro, apate mafunzo na barua ya utambulisho kabla ya kwenda TBS. Nenda na daftari lako lenye vipimo vya kila mchanganyiko uliowahi kutengeneza. Na mteja akikuuliza kama losheni yako inafukuza mbu, mjibu hapana, kisha muulize kama chandarua chake hakijachanika.