Hewa ya Moiben na Spea za Kuongeza Nguvu

Mwendesha bodaboda wa Moiben akifunga ekzosi ya wazi, kichujio cha hewa chenye umbo la pia na kabureta pana kuliko ya kiwandani, hutarajia pikipiki ianze kuruka. Mara nyingi hupata kinyume. Mlio unakuwa mkubwa, petroli inaisha upesi, na akipakia abiria na gunia la mahindi kupanda kutoka Tambach hadi Iten, mashine haivuti tena kama ilivyovuta wiki iliyopita. Lawama huangukia muuza spea au fundi. Nadhani lawama hiyo mara nyingi inakosea njia. Nguvu haikupotea kwa sababu spea moja ni mbovu. Imepotea kwa sababu uwiano wa hewa, petroli na moshi umevurugwa, na umevurugwa mahali ambapo hewa yenyewe ni haba.

Tuanze na hewa hiyo. Mji wa Eldoret, ulio jirani na Moiben, uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, hivyo pikipiki iliyoandikwa nguvu za farasi 12 hutoa chini ya 10 hapa, hata ikiwa mpya kabisa. Wanariadha wanaofanya mazoezi Iten huizoea hewa hii kwa sababu mwili huongeza chembe nyekundu za damu. Kabureta ya kawaida haina uwezo wa kujirekebisha. Mwinuko ukiongezeka, hewa hupungua haraka kuliko petroli inayopita kwenye jeti, yaani kitundu kinachoipima, na kwa hesabu ya kifizikia mchanganyiko huzidi petroli kwa karibu asilimia 10.

Hapo ndipo ushauri wa kuiga unapoharibu. Kanuni inayojulikana duniani ni kwamba ukifungua ekzosi na kichujio, hewa inaongezeka, kwa hiyo weka jeti kubwa zaidi. Kanuni hiyo ina mantiki pwani. Moiben, ambako petroli tayari imezidi, jeti ya kiwandani huenda ikatosha, na jeti kubwa huizamisha injini. Kabureta pana nayo hupitisha hewa polepole injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, petroli isichanganyike vizuri, na bodaboda hufanya kazi zaidi kwenye mizunguko hiyo. Ekzosi ya kiwandani pia si bomba la kutolea moshi tu. Urefu na upana wake vimepimwa ili mawimbi ya moshi yasaidie kuusafisha mtungi wa injini katika mizunguko ambayo mwendeshaji huitumia. Bomba la wazi huweza kuihamishia faida hiyo kwenye kasi kubwa ambayo njia ya murram hairuhusu.

Basi utafutaji wa tatizo uanze na vitu rahisi, kisha ufuate ushahidi. Breki inayokwaruza gurudumu na cheni iliyokazwa mno hula nguvu. Klachi inayoteleza huonekana pale mlio unapopanda na mwendo usipande. Kiungo cha kabureta na injini kisipofungwa vizuri huvuta hewa ya wizi, na mlio hupanda na kushuka pikipiki ikiwa imesimama. Hayo yakiwa salama, panda mlima na mzigo, zima injini, acha ipoe, kisha fungua plagi. Masizi meusi huonyesha petroli imezidi, weupe huonyesha hewa imezidi, na rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Kuvuta choki kidogo kwenye mwendo husaidia kuthibitisha: nguvu ikiongezeka, petroli ilikuwa haitoshi, ikipungua, ilikuwa imezidi. Mwisho, rudisha spea za kiwandani moja moja, ukipima kila mara kwa mlima uleule, mzigo uleule na gia ileile. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichosaidia.

Wapo watakaosema wanamashindano hufunga spea hizi na kushinda. Ni kweli, lakini hutengeneza injini nzima kwa pamoja, huipima kwa mashine na kuiendesha kwa mizunguko ya juu muda wote. Wengine watasema viwanda huzibana injini ili zisipige kelele wala kutoa moshi mwingi. Hilo nalo lina ukweli, ila kwenye injini ya sentimita za ujazo 100 au 150 nafasi iliyobaki ni ndogo. Kuna anayesema tatizo ni spea feki tu. Feki zipo, lakini kabureta halisi iliyo pana kupita kiasi hutoa dalili zilezile, hivyo kununua nyingine kabla ya kupima ni kulipa mara mbili. Na anayesema hana muda afikirie siku atakazopoteza kwa fundi akibahatisha.

Lipo pia dhara lisiloonekana mapema. Wakati wa kiangazi, barabara za murram za Moiben hujaa vumbi laini, na kichujio cha wazi cha bei rahisi huliruhusu kuingia ndani. Likishakula ringi na kuta za mtungi, mgandamizo hupungua, na hakuna jeti itakayourudisha. Anayetaka mvuto wa kweli hapa atafaidika zaidi kwa kurekebisha nafasi za valvu, kusafisha kichujio cha kiwandani, kupunguza jeti ikiwa plagi inathibitisha petroli imezidi, na kufunga sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu kwa ajili ya milima. Kasi ya mwisho itapungua kidogo, lakini mzigo utapanda. Kabla hajalipia spea nyingine, amwombe fundi amwonyeshe kwenye plagi na kwenye mlima kwa nini inahitajika.